Vuguvugu la Mtoni

Baba, shikamoo.

Najua hutaitikia. Lakini tangu nijue kusema sijawahi kuanza maneno nawe bila shikamoo, na sitaanza leo.

Siku uliyofariki wazee wanne waliingia chumbani kukuosha. Baada ya muda mmoja wao alichungulia mlangoni, akaniambia kwa ile sauti ya msibani, "Mwalimu, tunaomba maji ya vuguvugu." Nilikuwa nimekaa mkekani na akina mama. Waliacha kulia wakanitazama, maana huwa ni hapo mtoto wa marehemu anapoanguka. Sikuanguka. Niliinuka, nikaenda jikoni, nikachanganya ya moto na ya baridi, nikaingiza kiwiko kama Shangazi alivyonifundisha, nikampa ndoo yake. Kisha nikarudi kukaa. Sikulia siku ile, sikulia kaburini, na leo ni wiki ya tano sijalia. Watu wanasifu kwamba nimejikaza. Sijajikaza, Baba. Hakuna kitu cha kukaza. Ninakula nikipewa, ninalala nikiambiwa nilale.

Nakuandikia kwa sababu ya neno hilo la mlangoni. Barua hii nitaisoma mbele ya watu siku ya kuondoa matanga, kwa hiyo mengi nitayasimulia kana kwamba wewe huyajui. Univumilie. Wewe uliyajua yote kuliko mimi, kama nilivyokuja kuambiwa.

Mama alituacha nikiwa darasa la pili. Ilikuwa mwezi wa saba, wakati ukungu wa Mgwashi unapokaa bondeni hadi adhuhuri na kuni hazikauki hata ukizilaza juu ya dari. Alijifungua salama. Kwa desturi yetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na kazi hiyo ilikuwa ya Shangazi, dada yako. Siku tatu alipuliza moshi mpaka macho yakavimba, na maji yalikuwa yakitoka jikoni na ubaridi wake. Siku ya nne Mama alishikwa na homa. Siku ya saba tulimzika pamoja na mtoto. Mimi sijui kama maji ndiyo yangemwokoa. Nimesoma kidogo, nadhani ugonjwa ulikuwa mwingine. Lakini wewe ulishaamua kwamba ni maji, na mtu aliyefiwa akishapata sababu yake usijaribu kumnyang'anya.

Wakati ule ulikuwa kwenye kiwanda cha chai, ukitia mafuta mashine. Ulinieleza kwamba ekseli, ule mhimili wa chuma unaozunguka, ikikosa mafuta hupata joto, ukiimwagia maji yanachemka papo hapo, na msimamizi anakutukana mbele ya wenzako. Nakumbuka ulivyonieleza, maana ulikuwa umenishika mikono yote miwili unaisugua kabla sijaenda shule, baridi ya asubuhi ikiwa imeikausha kama magome.

"Joto linakuja lenyewe pale lisipotakiwa," ulisema. "Kwa nini lisije pale linapotakiwa?"

Nilikuwa mdogo, nikaitikia tu. Nilichojua ni kwamba mikono yangu ilikuwa imepata moto na hapakuwa na kuni.

Ukaacha kazi. Shangazi alisema msiba umekupanda kichwani. Ulishuka kwenye kijito chini ya shamba letu, pale maji yanapoanguka kwa kimo cha paa la nyumba, ukachimba mfereji, na ukamwita Mzee Athumani. Wapo wageni hapa wasiomjua, basi niseme: Mzee Athumani ni seremala, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mliyechunga naye mbuzi tangu mkiwa hamjui kujifunga nguo. Krismasi alikula kwetu, Idi tulikula kwake, na mwaka ambao sikukuu hizo zilikaribiana Shangazi alilalamika kwamba mnataka kumuua kwa kupika. Yeye ndiye aliyechonga gurudumu kwa mti wa mkulo, na jikoni kwetu kulinukia maranda yake mwezi mzima. Pipa mlilifuata Magoma, mkalipandisha mlima kwenye mti begani, siku moja na nusu, mkafika mmekuwa wekundu kwa vumbi hata nyusi.

Gurudumu likazungushwa na kijito, nalo likazungusha mti uliosimama ndani ya pipa wenye vibao vinne. Siku ya kwanza lilizunguka kutwa. Jioni ulitumbukiza mkono, ukautoa, ukaufuta kwenye suruali. Mzee Athumani alisema labda kijito kimechoka. Ulikaa kwenye jiwe ukitazama ndani ya pipa hata tukaanza kuogopa, kisha ukacheka peke yako.

"Yanazunguka pamoja na vibao," ulisema. "Yamekubaliana. Lazima yagombane."

Mkapigilia mbao nyingine kwenye kuta za pipa, zisizozunguka, ili maji yakisukumwa na vibao yagonge kule na kurudi. Pipa mkalivika nyasi kavu na maranda, na juu yake ukalizungushia blanketi la Mama. Shangazi aliona blanketi lile akaondoka bila kuaga. Tulijaza maji asubuhi, ndoo mbili tu. Mchana, nilipotoka shule, uliniambia niweke mkono. Mkono ulitulia, Baba. Hayakuwa ya moto, wala hayakuwa ya baridi tena. Nilifurahi siku ile. Naandika hivyo kwa sababu nakumbuka kwamba nilifurahi, ingawa ile furaha yenyewe siioni.

Shangazi alikataa. Maji ambayo hayakuona moto, alisema, ni baridi iliyojificha, na atakayemkanda nayo mzazi atakuwa amemwosha kwa ajili ya kaburi. Alishikilia hivyo miaka miwili, mpaka mke wa Mzee Athumani alipojifungua Zuhura katika mvua ile iliyoangusha migomba yote ya bondeni. Kuni hazikuwaka. Shangazi alisimama kwenye mvua, akashuka mtoni na ndoo, akavua kanga begani na kuzamisha kiwiko. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika. Akapanda na ile ndoo, na asubuhi yake alikuja kukuuliza kama umeshalijaza pipa. Akina mama sita walikandwa kwa maji ya lile pipa. Niliwahesabu kwa sababu kila mmoja aliniita nimshikie mtoto.

Sasa nifike kwenye barua.

Kijiji chetu kilikuwa kimeandikishwa kuwa cha ujamaa, na kila mkutano tuliambiwa tujitegemee. Ukaona hapo ndipo pako. Ulimweleza mwenyekiti wetu wa wakati ule, akakucheka. Ukasema basi utaandika wilayani mwenyewe, uombe mapipa mawili na misumari ili zahanati ipate gurudumu lake. Wewe ulijua kuandika jina lako tu, na Kiswahili chako kilikuwa kinateleza kila mara kurudi kwenye Kishambaa. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nangoja majibu ya chuo cha ualimu, na kiburi changu kilikuwa kirefu kunishinda.

Ulikaa kwenye kigoda ukasema, nami nikaandika. Maji uliyaita mazi: mazi hivi, mazi vile, mazi ya mto, mazi ya pipa. Nikataka kuandika maji ya moto, ukanikataza. "Si ya moto. Sema kweli." Nikatafuta neno la kweli, nikalipata: vuguvugu. Nilipoinakili barua kwa usafi nikaona maji yamejaa ukurasa mzima, na nilikuwa nimefundishwa kwamba mwandishi hodari harudiirudii neno. Nikalifuta hapa, nikalifuta pale. Mwisho barua ilisomeka vizuri sana. Nilikuwa nimeikariri, na bado naijua:

"Yah: Vuguvugu la Mtoni. Sisi wakulima wa hapa, kwa nguvu zetu wenyewe, tumefanikiwa kuanzisha vuguvugu. Kwa sasa bado si moto, lakini likizidi kuzungushwa litakuwa moto. Tunalo pipa moja, na tunaomba mengine mawili, ili vuguvugu hili lienee vijiji vyote vya jirani, hasa kwa akina mama."

Nilikusomea. Ulisikiliza umeinamisha kichwa, kisha ukauliza, "Mbona mazi siyasikii?"

Nikakujibu, "Wataelewa, Baba. Hiki ni Kiswahili cha ofisini."

Ukachukua kalamu ukaandika jina lako, herufi moja moja, ulimi ukiwa nje. Barua nikampa dereva wa lori la mboga aipeleke Lushoto.

Wiki hiyo hiyo ukagombana na Mzee Athumani. Kilikuwa kiangazi, na mfereji wako ulikuwa unakula maji ya kabichi zake. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama akasema, mbele ya watu wote, "Usipoufunga mfereji ule, nitakushtaki wilayani!" Watu walicheka, nawe ulicheka, na kesho yake uliufunga nusu. Ulimi hauna mfupa. Gari la wilaya lilipokuja siku kumi baadaye, nani angekumbuka kwamba kulikuwa na kicheko?

Nilikuwa uani naanika mahindi. Mabwana wawili walishuka, mmoja ameshika karatasi ninayoijua. Aliuliza, "Kiongozi wa vuguvugu ni nani hapa?" Niliielewa barua yote kwa mara ya kwanza, kwa masikio yao. Kulikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa nafasi ndefu kabisa, maana ulitoka ndani taratibu, ukawasalimu, ukaingia tena kuchukua koti. Ningeweza kusema ni maji, mabwana, twendeni mtoni mkatumbukize mkono. Nilikuwa na maneno yote hayo. Nikafikiri, wakijua ni mimi niliyeandika, chuo ndiyo basi. Nikaendelea kuanika mahindi. Ulipopita karibu yangu ulinigusa begani, ukapanda gari.

Kitu fulani ndani yangu kilinyamaza pale uani, na hakijasema tena.

Walikuweka Lushoto siku tisa. Mlango wetu ulijaa watu wanaoulizana nani kakuchongea, na jibu lilikuwa tayari vinywani mwao, kwa sababu walikuwa wamelisikia mkutanoni. Mtu mmoja alilitaja jina la Mzee Athumani jikoni kwetu, akanigeukia mimi, msomi wa nyumba. Nikasema, "Sijui." Nilijua, Baba. Neno lile moja lilitosha kumzika mtu mzima.

Ulirudi kwa miguu kutoka Soni, umekonda. Ulisema walikuja kuliona gurudumu, mmoja akaingiza mkono kwenye pipa akacheka, lakini jambo likishaandikwa lazima liwe na mwisho, kwa hiyo mwisho ni kwamba umechimba mfereji bila kibali. Ulikuwa umetia sahihi kuliondoa. Uliliondoa mwenyewe, kibao kimoja kimoja, ukakataa kusaidiwa. Blanketi la Mama ulilifua ukalianika juani. Kuhusu barua hukusema lolote, nami sikuuliza, na tukaishi hivyo, tukipitishana chumvi.

Majibu ya chuo yalikuja. Asubuhi ya safari ulinibebea sanduku hadi barabarani, lori likachelewa, tukasimama. Ulisema jambo moja tu.

"Ukiwafundisha watoto, waambie kurudia neno si dhambi."

Lori likafika, nikapanda. Nilijua kwamba unajua. Sikushuka.

Tangu siku hiyo nimefundisha, nimehamishwa, nimerudi. Watoto wangu wa darasa wananiita mwalimu mpole, kumbe si upole, ni kwamba hakuna kinachonifikia. Na miaka yote hiyo Mzee Athumani ameishi ng'ambo ya kijito kama mgonjwa wa ukoma. Watu waliacha kumpa kazi ya milango na vitanda, wakawa wanashuka hadi Korogwe kununua. Siku za kulimiana mashamba kwa zamu, zamu yake ilirukwa. Zuhura, yule aliyekandiwa mamaye kwa maji yako, alichumbiwa mara mbili, na mara mbili posa ikarudishwa: hatuwezi kuoa kwa mchongezi. Nawe, Baba, mliposalimiana mlisalimiana kwa mbali, na watu wakaona hilo ndilo hakikisho. Wewe uliyenikataza kuandika ya moto wakati si ya moto. Nilijiambia kwamba umeamini yale yaliyosemwa. Ilinifaa niamini hivyo.

Siku ya mazishi yako alikuja. Alisimama nje ya ua na kofia mkononi, hakuna aliyempa kiti. Wakati wa kutia udongo watu walipanga mstari, yeye akangoja mpaka wa mwisho apite, ndipo akasogea. Nilimtazama akikutupia udongo wake, nikangoja nisikie aibu. Sikusikia. Nikaona tu kwamba viatu vyake vimeshonwa kwa kamba ya katani.

Siku ya tatu nilivuka kijito nikaenda kwake. Sikusukumwa na moyo, Baba, nisijisifu. Nilikwenda kama mtu anavyokwenda kurudisha sufuria ya watu.

Alikuwa anapiga randa ubao. Nikamwamkia, akaitikia, akanivutia kigoda. Nikamwambia yote: barua, neno nililolifuta, mahindi, na lile "sijui" la jikoni. Nilisema kwa sauti ile ile ninayoitia mahudhurio darasani. Aliniacha nimalize.

"Najua, mwanangu," alisema.

Nikamuuliza amejuaje.

Akanieleza kwamba siku ya pili baada ya wewe kuchukuliwa alishuka Lushoto na ugali umefungwa kwenye jani la mgomba, akakaa nje ya ofisi ya wilaya mpaka wakamruhusu akupe. Alishuka hivyo mara nne, na huku juu watu walipomkosa nyumbani walisema amekwenda kupokea shukrani zake. Siku moja alikuwa mlangoni walipokuwa wakikuhoji. Walikuuliza mwandiko mzuri huu ni wa nani. Ukasema ni wako. Wakakupa kalamu uandike, ukaandika jina lako, ukasema mkono unauma, mengine hutaandika. Wakakuuliza tena, ukasema tena. Ulipotoka uani kula ulimshika Mzee Athumani mkono ukamwambia, "Usimtaje mtoto. Anasubiri chuo."

"Nikamwambia, Baba Damari, huko juu wananisema mimi," alisema Mzee Athumani. "Akanyamaza. Hajawahi kunyamaza namna ile. Nikamwambia basi, waache waseme."

Nikamuuliza kwa nini alikubali. Alipuliza maranda kwenye ubao.

"Nilisema nitamshtaki, mbele ya watu. Mimi nilizidisha neno, wewe ulipunguza. Nani ana haki ya kumcheka mwenzake?" Kisha akasema, "Mimi nilidhani itakuwa mwaka mmoja. Watu husahau. Zuhura alikuwa bado mdogo, sikumfikiria Zuhura."

Zuhura alikuwa jikoni kwao, tulimsikia akiosha vyombo. Aliacha kuviosha.

Basi, Baba, ndivyo nilivyokuta. Nilikuwa nimekuja na deni la barua, nikakuta na wewe una lako. Uliniweka mimi chuoni kwa mgongo wa rafiki yako, ukamtazama akiinama mwaka baada ya mwaka, na kila Idi ukapeleka macho yako chini. Sikulaumu. Ningependa kusema kwamba nina hasira, au kwamba nakupenda zaidi kwa hilo, maana mojawapo ingekuwa na joto. Ninavyohisi ni kama mtu aliyelalia mkono wake: anaona ni wake, anaugusa, haumjibu. Labda siku moja utaanza kuchoma. Sitangoja siku hiyo ndipo niseme kweli, kwa sababu kweli haihitaji mimi nilie kwanza.

Kwa hiyo nasema, na wote mliokaa hapa msikie. Mzee Athumani hakumchongea baba yangu. Hakuna aliyemchongea. Kulikuwa na barua, na barua ilikuwa ya maji. Maji ya mto, maji ya pipa, maji ya kuwakanda wazazi, maji ya vuguvugu. Niliyafuta maji ili nionekane najua kuandika, na mtu alipoulizwa, nikanyamaza. Baba akanyamaza juu yangu, na Mzee Athumani akanyamaza juu yetu sote wawili. Waliorudisha posa za Zuhura wamo humu ndani, na wanajijua. Kesho mwajiri wangu akitaka kuniuliza, anajua shule ninayofundisha.

Nimemtumia Mzee Athumani neno aje. Amesema atakuja ila atakaa nje ya ua, amezoea. Nikishamaliza kusoma sitaomba mtu yeyote ampelekee kiti. Nitakibeba mwenyewe, kile chako, nitatoka nacho hadi nje ya ua alipokaa, na sitarudi ndani bila yeye.

Lala, Baba. Ile barua uliitia sahihi wewe. Hii naitia mimi, na ile pia.

Mwanao aliyeziandika zote mbili,
Damari